Masomo ya Sheria na Yaanzie Nyumbani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu niseme neno juu ya jambo linalonikaa moyoni. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Nililala katika mabweni mnayolala ninyi leo, nikala maharage yale yale, na katika chama cha mijadala nilisimama kusema mara nyingi kuliko nilivyostahili. Kwa sababu ya mijadala hiyo rafiki zangu waliniambia, "Wewe utakuwa mwanasheria." Nikasadiki. Siku hizi kila nikija kuitembelea shule huwakuta vijana watatu au wanne wenye nia hiyo hiyo, nao huniuliza, "Kaka, huko Chuo Kikuu watu wa sheria husoma nini?" Leo nitawajibu, kisha nitatoa shauri langu.

Hapa Uganda shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka minne. Baada ya hapo anayetaka kuwa wakili huingia Law Development Centre, chuo kilichoanzishwa mwaka 1970, akafundishwa kazi yenyewe ya uwakili, ndipo aombe kuandikishwa. Zamani hapakuwa na njia hiyo. Kijana aliyetaka kuwa wakili alisafiri mpaka London. Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilitoa taarifa juu ya mafundisho ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika. Iliona kwamba kijana anayesomea Uingereza hufundishwa mengi yasiyomfaa kwao, na kukosa mengi yanayomfaa. Mwaka huo huo mafundisho ya sheria yakaanza Dar es Salaam, na vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika wakasoma pamoja. Makerere nayo ikaanza kufundisha sheria mwaka 1968. Kwa hiyo hatusafiri tena kwenda ng'ambo. Lakini je, masomo yenyewe yamerudi nyumbani pamoja nasi? Hilo ndilo swali langu.

Nitawaeleza yaliyonipata mimi. Katika chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja jina, mwaka wa kwanza na wa pili tulisoma sheria ya mikataba, sheria ya madhara, sheria ya jinai na sheria ya katiba. Sheria ya ardhi iliwekwa mwaka wa tatu. Mambo ya kukaa na mtu mwenye shida na kumsikiliza, hayo tuliambiwa tutayapata mbele, tukiisha kupata shahada. Nilijifunza kwa bidii. Niliijua kesi ya Bibi Donoghue, aliyekunywa kinywaji cha tangawizi huko Paisley mwaka 1928, akakuta mabaki ya konokono ndani ya chupa. Na hukumu yake ya mwaka 1932 iliyowafundisha watengenezaji wa vitu kumfikiri yule atakayevitumia. Kadhalika niliijua kesi ya mwaka 1934 ya Bibi L'Estrange, mwenye mkahawa, aliyenunua mashine ya kuuza sigara na kutia sahihi karatasi asiyoisoma. Mahakama ilisema sahihi yake imemfunga. Mtihani ulipokuja nilipata alama nzuri, na nilipokwenda likizo nilijiona mtu.

Shangazi yangu ni mjane. Marehemu mume wake alimwachia kibanja katika ardhi ya mailo. Wasomaji wasiotoka Buganda wajue kwamba ardhi ya mailo ilianza na Mapatano ya mwaka 1900, na kwamba juu ya ardhi hiyo huweza kuwapo watu wawili wenye haki: mwenye hati, na mwenye kibanja anayekaa na kulima na kulipa kodi iitwayo busuulu. Baba mkwe wa shangazi alikuwa akilipa busuulu tangu enzi ya sheria ya mwaka 1928, na makaburi ya ukoo yamo katika migomba.

Jioni moja shangazi alikuja na karatasi aliyoikunja ndani ya kitambaa. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe mwanasheria wetu. Hebu nisomee." Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, wala hajui kusoma lugha yo yote. Ilisema amepokea fedha, naye ameachia nusu ya kibanja kwa hiari yake. Chini palikuwa na alama ya kidole gumba chake. Akaniambia kwamba mtu wa mwenye ardhi aliileta akasema ni stakabadhi ya busuulu, naye akatia kidole. Fedha hakuziona hata senti moja.

Basi mimi, mtaalamu wa miaka miwili, nikamkumbuka Bibi L'Estrange na mashine yake ya sigara. Nikamwambia, "Shangazi, pole sana, lakini umekwisha kutia kidole. Mkataba ni mkataba." Hakubishana nami. Aliikunja karatasi yake polepole akaenda. Kabla ya mwezi kwisha migomba ya upande mmoja ilikatwa, na mahali pake pakapandwa mikalitusi.

Mwaka wa tatu tukafika sheria ya ardhi. Hapo nikasoma kwamba Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinamlinda mwenye kibanja aliyeingia kwa halali, pamoja na yule aliyekaa bila kusumbuliwa miaka kumi na miwili au zaidi kabla ya Katiba hiyo. Nikasoma kwamba tangu mwaka 2010 mtu kama huyo hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu ya kutolipa kodi ya mwaka. Baadaye nikakutana na sheria fupi ya zamani, ya kuwalinda wasiojua kusoma. Inasema kwamba kabla mtu wa namna hiyo hajatia alama yake, sharti asomewe na kuelezwa yaliyoandikwa. Na aliyemwandikia sharti aandike katika karatasi hiyo jina lake kamili na anwani yake. Nilikumbuka ile karatasi ya shangazi. Chini ya kidole chake hapakuwa na jina la mwandishi wala anwani. Palikuwa peupe kabisa, nami niliuona weupe ule nisijue maana yake.

Tena kuna aibu kubwa kuliko hiyo. Hata kesi ya Bibi L'Estrange yenyewe husema kwamba sahihi humfunga mtu isipokuwa amedanganywa. Nilikariri kichwa cha kesi nikaacha mkia. Sikuwaza hata kidogo kumwuliza shangazi maneno aliyoambiwa siku ile, ingawa alikwisha kunieleza mwenyewe.

Nilirudi kijijini nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Ungaliniambia hujui, ningalikwenda kumwuliza mwingine." Shauri lake sasa liko mbele ya mahakama, kwa hiyo sitalisema zaidi. Ila neno lile sijalisahau, wala sidhani kwamba nitalisahau.

Wako watakaosema kwamba kosa lilikuwa langu, si la masomo. Nakubali sehemu kubwa. Aliyejua nusu akajifanya anajua yote ana hatia yake. Lakini nauliza: kwa nini kijana asome miaka miwili habari za mikataba bila kuletewa hata siku moja karatasi iliyotiwa kidole na mtu wa kijiji chake? Katika nchi yetu walio wengi ni wakulima, na ardhi ndiyo inayowapeleka watu wetu mahakamani, tena ndiyo inayowagombanisha ndugu. Jambo linaloulizwa kwanza na watu wetu hufundishwa mwisho. Mtu akiwa na jipu mguuni, mganga haanzi kwa kumpima meno.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu.

La kwanza, sheria ya ardhi na sheria za kimila zifundishwe tangu mwaka wa kwanza, hata ikiwa kwa ufupi. Mwanafunzi aijue mailo, kibanja, ardhi ya kimila na hati ya kukodi, kabla hajazijua meli na kampuni. Ajue pia kwamba sheria yetu ya ardhi hukataza mtu kuuza ardhi ya nyumbani, ile inayokaliwa na kulisha jamaa, bila idhini ya mume au mke wake. Hayo ataulizwa akishuka tu katika basi.

La pili, kila mwanafunzi, kuanzia mwaka wa pili, aketi katika ofisi ya msaada wa sheria akiwa na wakili anayemsimamia, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama zake. Law Development Centre ina ofisi kama hiyo ya kuwasaidia maskini, na tangu mwaka 2004 zipo kanuni zinazowaruhusu wanafunzi wake kusimama mahakamani katika mashauri fulani wakisimamiwa na wakili. Jambo hilo ni jema sana. Lakini huja baada ya miaka minne, na wengi wenye shahada hawafiki huko. Huingia kazi nyingine. Hao nao wana shangazi.

La tatu, lugha. Katiba yetu inataka mtuhumiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na kwamba asiyeielewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Lakini nani aliyetufundisha sisi kueleza maana ya "dhamana" au "rehani" au "kiapo" kwa Kiganda, au kwa Kiswahili, ili mama mzee aelewe? Tangu mwaka 2005 Kiswahili ni lugha ya pili ya serikali katika Katiba ya Uganda. Jirani zetu wa Tanzania walibadili sheria yao mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sisemi tuige kila kitu. Nasema kwamba mwanafunzi apewe mtihani mmoja wa namna hii: asome hati ya Kiingereza, kisha amweleze mtu asiyejua kusoma, kwa lugha ya mtu huyo, na mtu huyo aulizwe alichoelewa. Naamini wengi wetu wenye alama nzuri tungeanguka.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Watasema miaka minne imejaa pomoni. Ni kweli; lakini mzigo ukipangwa upya hupata nafasi, na mimi sikuomba kitu kiongezwe ila kile cha mwisho kije mbele. Wengine watasema kwamba kesi za Uingereza haziepukiki, maana sheria za Waingereza zililetwa hapa kwa amri ya mwaka 1902 na mahakama zetu bado huzitazama. Hilo nalo ni kweli. Sitaki Bibi Donoghue afukuzwe darasani. Kisa chake kinafundisha kwamba jirani yangu ni yule atakayeumia nikikosa uangalifu, na fundisho hilo ni bora. Mimi mwenyewe nililikariri bila kumwona jirani aliyeketi mbele yangu na karatasi mkononi. Wa tatu watasema ni hatari kumpa mwanafunzi shida za watu. Ndiyo, ni hatari, nami ni shahidi. Lakini watu hawangoji tupate shahada. Siku unapoandikwa chuoni, kijiji kizima kimekwisha kukufanya wakili wake. Afadhali ujifunze ukiwa na mtu wa kukushika mkono kuliko ukiwa peke yako jioni nyumbani.

Sasa nageuka kwenu, ndugu zangu mlio shuleni. Msiichague sheria kwa ajili ya joho, wala kwa sababu mnajua kusema sana. Kazi hii ni ya kusikiliza na kusoma polepole mpaka mstari wa mwisho, na hata mahali palipoachwa wazi. Likizo ijayo waombeni wazee wenu wawaonyeshe karatasi za ardhi zilizofichwa katika masanduku. Someni: nani ameandika, nani ametia kidole, nani alikuwa shahidi. Mkiulizwa maana na hamjui, semeni wazi, "Sijui, lakini nitamtafuta anayejua," kisha mtafuteni kweli. Neno hilo halikumo katika mtihani wangu wo wote, nami nilifundishwa na mama asiyejua kusoma, kwa gharama ya nusu ya kibanja chake.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio majaji, mawakili na walimu wa vyuo, ambao majina yenu tunayasoma kwa fahari katika ubao wa shule: ninyi mna sauti katika mabaraza yanayopanga masomo haya. Nawaomba mlitazame jambo hili.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani