Si Jicho, Ni Tundu

Kila ndege wa kufugwa anapokufa mtaani kwetu, utasikia moja kati ya mawili: ama kapigwa jicho, ama siku zake zilikuwa zimefika. Sina ugomvi na mwenye kuamini jicho. Hayo ni yake na imani yake. Ugomvi wangu ni na uvivu unaojificha nyuma ya jicho. Kasuku aliyetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Iweje wetu wafe wakiwa na miaka miwili, mitatu, na kila mmoja awe kaandamwa na hasidi?

Nasema wazi kwamba wengi wao huuawa na tundu, na vitu tunavyoviweka karibu na tundu. Najua nitajibiwa kuwa tundu limewekwa ili kumlinda ndege na paka na mwewe. Naam, na paka humlinda. Lakini ndege wa porini moshi ukimfikia huruka akaenda zake. Jua likimchoma hutafuta kivuli. Siafu wakipanda mti huhama. Wa kwetu tumemnyang'anya njia zote hizo, kisha tunamtundika barazani saa saba mchana, jua la utosi, na kopo la maji lililokauka, tukasema yuko salama.

Tuanze na waya wenyewe. Matundu mengi ya mtaani hufumwa kwa waya wa kuku, ule mweupe unaong'aa, uliopakwa zinki usishike kutu. Kuku hautafuni. Kasuku huutafuna kutwa, maana mdomo kwake ni mkono, nao haukai bure. Vile vitone vya zinki vilivyoganda kwenye maungio hubanduka, vikaingia tumboni, na ile asidi ya tumbo ikaviyeyusha. Ndipo ndege hutapika, hulegea, huharisha, hushindwa kushika kijiti chake. Jirani yangu mmoja alifiwa na kasuku kwa dalili hizo hizo, na nyumba nzima ikataja jina la mama mmoja aliyepita siku mbili kabla akamsifu yule ndege. Mimi nililitazama tundu. Lilikuwa jipya, na kando ya mlango zinki ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma kinaonekana. Yule mama mpaka leo hasalimiwi vizuri katika nyumba ile. Hapo ndipo nilipoona kuwa jambo hili si la ndege peke yake.

Na si kwamba dawa yake ni ngumu. Waya mpya usuguliwe kwa siki na brashi ngumu, usuuzwe, ukae juani. Hatari hupungua, ingawa haiishi. Rangi ya zamani iliyochanganywa na risasi isiguswe kabisa. Nafasi kati ya waya na waya, kwa ndege wadogo, isizidi nusu inchi, la sivyo kichwa kitapita na mwili utabaki.

Jikoni ndiko kubaya zaidi. Ndege havuti hewa kama sisi. Ana mifuko ya hewa mwilini, na hewa hupita mapafuni mwake kwa njia moja bila kurudi nyuma, kwa hiyo sumu humwingia haraka mno. Waingereza walilijua hilo. Walishusha ndege wa chiriku migodini ili wao waanguke kwanza, gesi isiwakute wachimbaji, na desturi hiyo hawakuanza kuiacha hata mwaka 1986. Sisi tunamweka ndege huyo huyo juu ya jiko la mkaa, tunamwashia dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha, kisha tunashangaa asubuhi. Na vile vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, kimoja kikisahauliwa motoni kikaungua, mvuke wake humuua ndege kwa dakika chache, na mpishi aliyesimama pale asihisi kitu.

Parachichi nalo ni sumu kwa ndege, usimpe hata ganda. Siafu, kila mwenye kabati la chakula anajua kuliwekea miguu kwenye makopo ya maji. Kumbe mkate una thamani kuliko kasuku!

Wapo pia wasemao, "Ni ndege tu, akifa tutanunua mwingine." Huyo mwingine hutoka wapi? Kasuku wa kijivu wamekamatwa misituni kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Kila anayekufa kwa zinki huita mtego mwingine.

Nilimwendea fundi mmoja nikamtaka anifumie tundu la chuma kisichoshika kutu, lenye nafasi ya ndege kukunjua mbawa zote mbili. Alicheka. Akaniuliza kama namfuga ndege au namjengea harusi. Alilifuma hata hivyo, nikamlipa karibu mara tatu ya bei ya kawaida. Lakini mlangoni pake bado yametundikwa yale meupe ya waya wa kuku, mapya, na nilipopita Ijumaa mawili yalikuwa yamekwisha nunuliwa.