Biharusi, Mahari Yote Isiishie Kwenye Vitz



Msimu wa harusi ukifika, mabiharusi wanaokuja kwetu kupima nguo huwa na mazungumzo matatu: ukumbi, mapambo na gari. Wengine huchukua mahari yote, wakaongeza na pesa ya mchezo, wakanunua gari ndogo ya milioni sita bila ya kubakisha hata nauli. Hapo ndipo sisi tunapotofautiana nao. Mahari ni haki ya mwanamke, na akitaka kuinunulia gari hilo ni shauri lake, hapana wa kumzuia. Lakini gari kuukuu isiyo na fungu la matengenezo ni deni lenye matairi manne.

Hatuisemi vibaya Vitz. Sisi wenyewe tunayo, ya mwaka 2002, na ndiyo inayotupelekea nguo kwa wateja mjini na shamba. Ni gari iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, ile ya mwanzo kuna yenye injini ya lita moja tu, haili mafuta, na spea zake zipo tele. Lakini ihesabuni miaka. Gari ya 2002 imezidi miaka ishirini. Mpira umekauka, plastiki imekauka, na hapa kwetu upepo wa bahari unakula bati kwa chini pole pole.

Tumeweka daftari la gari kama tunavyoweka daftari la vitambaa. Mwaka mmoja tulilipa hivi: oili na filta mara nne, 260,000. Plagi nne, 40,000. Breki pedi za mbele, 45,000. Bushi na bolijointi pamoja na ufundi, 120,000. Betri, 150,000. Rejeta, 180,000. Jumla 795,000, na hapo haikugongwa wala haikuharibika kitu kikubwa. Bei hupanda na kushuka, na kila fundi ana yake, lakini mtu anayekwambia gari ndogo haina gharama, mwombe akuoneshe daftari lake.

Khasara kubwa huanzia kwenye kitu kidogo. Rejeta za gari hizi zina plastiki juu na chini, na plastiki ikizeeka hupasuka ufa mwembamba. Maji yanapungua kidogo kidogo, mwenye gari anaongeza ya bomba, anaendelea na safari. Siku moja injini inachemka, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua. Cha laki mbili kimekuwa cha laki nne au tano, na wengine huishia kununua injini iliyotumika kwa zaidi ya milioni. Kwa hiyo taa nyekundu ya joto ikiwaka, weka gari pembeni na uzime hapo hapo, hata kama umebakisha nyumba tatu ufike. Na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe, maji yale yanaunguza.

Kuna mafundi ambao gari ikichemka dawa yao ni moja: kuitoa themostati na kuitupa. Injini itapoa sana, mafuta yatalika zaidi, na ugonjwa wenyewe utabaki pale pale. Mwingine atakwambia ubadilishe taiming belti. Dada, injini ya Vitz haina belti hiyo, ina cheni. Ukilijua hilo moja tu, fundi atakutazama kwa jicho jengine. Na Vitz zilizotoka kuanzia 2005, nyingi zina gia ya CVT, ambayo ina oili yake maalumu. Ukitiwa oili ya gia ya kawaida kwa kuwa ni rahisi, utakuja kununua gia boksi.

Tunajua watakaosema gereji si mahali pa mwanamke. Sisi tunasema mali ni yako, na macho yawe yako. Nenda na kaka yako, au ami yako, au mume akishakuwa mume, lakini nenda. Kaa uone spea mpya ikitiwa, na ile ya zamani uichukue mkononi. Hapana hishima inayopotea kwa kuuliza bei.

Kabla ya kununua, mpeleke fundi wako, si wa muuzaji. Washa gari ikiwa ya baridi, tazama moshi: wa buluu maana yake inakula oili. Funguo ikiwa katika "on", taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Kama haiwaki kabisa, huenda kuna mtu ameifumba makusudi. Chungulia chini ukaone kutu. Pita nayo kwenye njia mbovu usikilize inagonga wapi.

Na nyinyi mnaouza, mcheni Mungu. Mtume (s.a.w) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamtaka mwenyewe auweke juu watu wauone. Rejeta iliyozibwa kwa gundi usiku wa kuamkia mauzo ni unyevu ule ule. Kumbukeni kuwa anayenunua pengine ni mtoto wa watu aliyebeba mahari yake yote.

Rai yetu ni hii. Ukiwa na milioni sita, tafuta gari ya milioni tano. Milioni moja iweke mbali na mkono, kwa jina la gari, isiguswe kwa mapambo wala kwa nguo, hata zile tunazoshona sisi. Kisha kila mwezi tia humo 60,000 au 70,000. Kama fungu hilo haliwezekani, basi gari bado haijawezekana, na daladala si aibu. Subiri mwaka, jipange, inshallah utanunua ukiwa na utulivu.

Mama wa biharusi, mnapokaa kuandika bajeti, baada ya mstari wa "gari" ongezeni mstari wa "rejeta". Mwanenu atawashukuru.