Mvua Katika Nchi Kavu



Katika nyanda za Garissa na Wajir, Januari ni mwezi wa jua kali. Wenyeji wa huko, ambao kwa kawaida hupata mvua isiyozidi milimita 400 kwa mwaka, huwa wameanza kusogea na mifugo yao kuelekea visimani. Lakini Januari ya 1998 haikuwa hivyo. Mvua ya El Niño iliyoanza Oktoba 1997 ilikuwa ingali ikinyesha. Mabonde makavu yaligeuka mito, barabara zikakatika, na mfugaji aliyezoea kutafuta maji akawa anatafuta mahali pakavu pa kulaza watoto wake.

Wako waliosema, "Si walilia mvua? Sasa wameipata." Maneno hayo si ya haki. Wahenga walinena kwamba baada ya dhiki faraja; kwa watu hawa, baada ya dhiki ilikuja dhiki nyingine.

Yatupasa tuelewe sababu. Ardhi iliyokauka muda mrefu na kupoteza nyasi zake huwa ngumu. Haiyanywi maji upesi, bali huyaacha yatiririke. Mifugo iliyodhoofu haistahimili baridi na matope. Tena wako mbu ambao mayai yao hukaa katika udongo mkavu kwa miaka, yakingoja mafuriko ndipo yaanguliwe. Mbu wa namna hiyo ndio walioeneza Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua mamia ya watu na mifugo wengi Kaskazini Mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Mwaka huo huo malaria ilizuka kwa ukali Wajir, kwa watu ambao miili yao haikuizoea.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kufikia mwaka 2000 ukame ulikuwa umerudi. Maji yaliyobomoa nyumba yalikwisha kupotea, na akina mama wakarudia mwendo mrefu wa kutafuta ndoo moja.

Je, tulijifunza? Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Agosti 2023, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha nchi za IGAD kilitangaza kwamba mvua za mwisho wa mwaka zingezidi kawaida. Zikaja. Mwezi wa Novemba barabara ya Garissa ilikatika karibu na Madogo, na maelfu ya watu wakayahama makao yao. Onyo lilikuwepo. Lakini onyo lisilomfikia mfugaji kwa lugha yake, wala lisilofuatwa na fedha na vifaa, halimwokoi mtu.

Wapo wanaouliza: kwa nini tugharimie mafuriko mahali ambapo adui wa kila siku ni ukame? Jibu ni kwamba maandalizi ya yote mawili ni yale yale. Bwawa lililochimbwa wakati wa jua hupunguza nguvu ya mafuriko, kisha hunywesha ng'ombe kiangazi kifikapo. Chanjo ya mifugo nayo hufaa ikitolewa kabla ugonjwa haujazuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, ninyi viongozi wa walei, msingoje mvua inyeshe ndipo mkusanye mablanketi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Hudhurieni vikao vya bajeti vya kaunti zenu. Ulizeni ni mabwawa mangapi yamechimbwa, ni mifugo wangapi wamechanjwa, na ni nani atakayepeleka habari manyattani. Ulizeni pamoja na majirani zenu Waislamu, maana mafuriko hayachagui dini.

Blanketi hutolewa kwa huruma. Bwawa hudaiwa kwa haki, na wakati wa kulidai ni sasa, jua likiwaka.