Jani kwanza, kiazi baadaye

Watoto wengi wa Chidya wanaijua ming'oko ikiwa sahanini: imechemshwa, inamenywa kwa vidole na kuliwa kwa chai. Kuionyesha porini ni kazi nyingine. Huko mmea wake ni kamba nyembamba tu inayopanda vichakani.

Jambo hili si dogo, kwa sababu mapori ya miombo kati ya Masasi na Newala yana pia viazi vya mwitu vyenye sumu. Kinachojulikana zaidi ni ndiga.

Tabu ni kwamba ming'oko huchimbwa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika. Kamba kavu zote hufanana machoni pa mtoto. Kwa hiyo mzazi amtembeze mwanawe mara mbili kwa mwaka.

Matembezi ya kwanza ni wakati wa mvua, Januari hadi Machi, na bibi au babu anayeijua ming'oko awepo. Jani la ming'oko ni moja zima. Jani la ndiga limegawanyika vipande vitatu juu ya kikonyo kimoja, na shina lake mara nyingi lina miiba. Lakini jani zima peke yake si ruhusa ya kula, maana vipo viazi vingine vya sumu vyenye jani la namna hiyo. Bibi akishathibitisha, mtoto afunge kitambaa kwenye mti ulio karibu na ajifunze jina la mmea kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kama linavyotamkwa nyumbani.

Matembezi ya pili ni Agosti au Septemba. Njiani mikorosho ina maua, miombo inaanza kuchipua majani mekundu kabla ya mvua, na chini ya mninga kuna matunda makavu ya duara, yenye ubawa pembeni na miiba katikati. Wakifika kwenye kitambaa, wachimbe, waache kichwa cha mmea ardhini na kufukia shimo ili uchipue tena.

Asiye na uhakika asichimbe. Kuchemsha mara moja hakuondoi sumu ya ndiga. Aliyekula kiazi cha porini akapata kizunguzungu, kutapika au degedege akimbizwe zahanati, na mabaki ya kiazi yabebwe yakaonwe na mganga.