Adabu ya Kutaja Harufu



Mtoto mmoja wa shule hapa kwetu Ndalambo alimletea baba yake maneno manne ya Kiingereza: smell, stink, stench na reek. Alitaka kujua tofauti zao. Baba akajibu upesi kuwa yote maana yake ni "kunuka". Jibu hilo si sahihi, na madhara yake ni makubwa zaidi nyumbani kuliko darasani.

Smell ni harufu tu, nzuri au mbaya. Stink ni neno kali, la mtu aliyechukizwa. Stench ni uvundo mzito, kama wa mzoga. Reek ni harufu iliyojaa na kuenea, kama ya tumbako katika nguo. Na asili ya neno hilo ni moshi. La ajabu ni kuwa katika Kiingereza cha kale hata stink liliweza kutumika kwa harufu njema.

Nasi lugha yetu si maskini. Herufi moja tu yatenga kunuka na kunukia: mzoga hunuka, waridi hunukia. Shombo ni harufu ya samaki, ile ibakiayo mikononi mwa mama aliyekuwa akipaa magamba. Kikwapa ni cha jasho la kwapani. Uvundo ni wa kitu kilichooza. Chakula kilicholala kikaharibika twasema kimechacha. Kila jina laonyesha asili ya harufu, na ajuaye asili ajua na dawa. Shombo huondoka kwa ndimu, kikwapa kwa maji na sabuni. Lakini uvundo hauondoki mpaka kilichooza kitolewe.

Basi mume akirudi jioni akamwambia mkewe, "Unanuka," naye mke ametoka kumtengenezea samaki wa chakula chake, amesema nini? Ameiita kazi yake uozo. Kadhalika mke amwambiaye hivyo mumewe atokaye shambani, na ndugu wamchekao mwenzao mbele ya wageni. Neno hilo haliondoki kwa ndimu wala kwa sabuni. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya.

Tutazame mwendo wa Bwana Mtume (S.A.W.). Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa watu walikuwa wakija katika sala ya Ijumaa kutoka majumbani mwao na vitongoji vya Madina, wamejaa vumbi na jasho, hata harufu ikawatoka. Mmoja wao alipomjia Mtume, hakumwambia kuwa ananuka. Alisema kwa upole maneno yenye maana kwamba ingekuwa vyema lau wangejitakasa kwa ajili ya siku yao hiyo. Akaitaja dawa, akaiacha aibu.

Wala upole huo haukuwa kuuridhia uchafu. Yeye ndiye aliyemtaka mtu aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wenziwe. Na ndiye aliyetufundisha kuwa harufu ya kinywa cha mwenye kufunga, ambayo watu huikimbia, kwa Mwenyezi Mungu ni njema kuliko miski. Basi pua peke yake si hakimu. Yapasa kuuliza harufu imetoka wapi.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto maneno haya kwa lugha zote mbili. Na mwenzio akiwa na harufu, mwite faraghani, umpelekee maji na sabuni, umwambie, "Pole kwa kazi; maji ya kuoga yako tayari." Atakuwa ameambiwa yote, wala hakuvunjiwa heshima.

Wabillahi Taufiq.