MTOTO HAJABEMENDWA, ANA NJAA

Ndugu wanaushirika na wananchi wote wa Mbesa,

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akivimba miguu, nywele zikabadilika rangi, akawa hataki hata kucheza, sisi hapa jibu tunalo tayari: kabemendwa. Baba anatazamwa vibaya, mama anaona haya kumpeleka hospitali, siku zinapita. Ugonjwa huo unaitwa unyafuzi. Hauletwi na mambo ya baba na mama usiku. Ni wa chakula, na unaua.

Tena wengi hawafiki kwenye kuvimba. Wanabaki wafupi tu, nasi tunasema wamefuata ukoo. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoani Ruvuma, kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 35.6 wamedumaa. Mkoa wa mahindi huu! Malori yanatoka yamejaa kwenda kulisha wengine.

Sababu tunaiona msimu wa kulima. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba la mbali, jembe begani, pengine na mimba. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo na uji ule ni maji tu. Atakula tena jioni mama akirudi. Hiyo ni mara mbili, na yeye anahitaji mara tatu hadi nne. Baba yuko wapi? Tuulizane wenyewe. Ikifika ngoma ya jando, kuku na mchele vinapatikana. Korosho zikiuzwa, simu mpya inanunuliwa. Yai la mtoto ndilo halipatikani, manake limeuzwa.

Wenzetu wa Iringa, miaka ya 1980, vijiji 168 vilipima uzito wa watoto kila miezi mitatu, na matokeo yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji. Mtoto aliyekonda akawa shauri la kijiji, siyo aibu ya mama. Wakafundishana na kimea: ulezi ulioota, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja kinalainisha uji mzito bila kuongeza maji. Waliokonda sana wakapungua kweli. Lakini tusidanganyike, hesabu ile ile ya 2022 imeuweka Iringa mbele ya mikoa yote kwa udumavu, 56.9 kwa 100. Kwa hiyo hatutaki kampeni ya msimu mmoja.

Tunaleta shauri kwenye mkutano wa ushirika. Kabla mzigo haujapakiwa, kila mwanachama aache ghalani debe moja la mahindi na kilo mbili za karanga, kwa chungu cha watoto wakati wa kilimo. Mabibi wasiokwenda tena shamba wapike, na walipwe, siyo bure. Akina baba wapeane zamu ya kuni na maji. Tumeshasikia wanaosema hiyo ni kazi ya wanawake. Waje waseme mkutanoni. Watoto wapimwe, na idadi isomwe hadharani kila miezi mitatu, bila kutaja jina la mtoto.

Daftari la wanaotoa liko kwa Katibu. Asiye na mahindi mwaka huu asijiandikishe. Mtoto wake atakula vilevile.

Katibu wa Tawi