Kemshafti Kubwa Inazipunja Injini Kubwa

Miongoni mwa Wamarekani wanaofufua magari yenye nguvu ya miaka ya 1960 na 1970 kuna imani iliyoota mizizi: ukitaka injini ya bloku kubwa ikimbie, itie kemshafti kali kuliko zote. Kwa gari la kutembelea mjini na kushindana robo maili mwisho wa wiki, imani hiyo si kweli.

Mwaka 1970 Buick iliuza GS 455 Stage 1. Injini yake ya inchi za ujazo 455 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 360 tu, kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika, na kemshafti yake ilikuwa ya tapeti za haidroliki. Lakini toki yake ilifika pauni-futi 510 kwenye mizunguko 2,800. Mwaka huohuo Chevrolet ilitangaza nguvu farasi 450 kwa LS6 yake ya inchi 454, yenye kemshafti kali ya tapeti ngumu. Toki yake ilikuwa 500, tena mpaka izunguke mara 3,600. Jarida la Motor Trend liliipima Buick hiyo robo maili kwa sekunde 13.38, muda uliokaribiana na ule wa magari ya LS6 yenyewe. Tofauti ya nguvu farasi 90 kwenye karatasi ilikwenda wapi?

Jibu limo katika kazi ya kemshafti, yaani kufungua na kufunga valvu. Nundu zake zikiwa ndefu, valvu ya kuingiza hewa huchelewa kufunga. Pistoni imeshaanza kupanda, valvu bado iko wazi, na injini ikizunguka polepole sehemu ya hewa na petroli husukumwa kurudi ilikotoka. Kinachobaki silindani hakibanwi vya kutosha. Kwenye mizunguko 6,000 mambo hugeuka: hewa huingia kwa kasi kiasi cha kuendelea kujaa hata pistoni ikipanda. Lakini ni mara ngapi gari la mjini hufika huko?

Wanaotetea kemshafti kali husema bloku kubwa huimeza bila shida. Wana hoja: kemshafti inayoifanya injini ya inchi 350 itetemeke huonekana tulivu ndani ya 454. Lakini ujazo huo ndio unaoleta toki kwenye mizunguko ya chini, mali ambayo injini ndogo haina. Kuitupa ili kupata nguvu ambayo dereva ataigusa kwa sekunde chache ni hasara tupu.

Hasara huwa kubwa zaidi kwa 454 zilizotoka kwenye pikapu za katikati ya miaka ya 1970, ambazo kompresheni yake ilikuwa kiasi cha 8 kwa 1. LS6 ilikuwa na 11.25 kwa 1. Ilikuwa na akiba ya kufidia valvu inayochelewa. Injini ya pikapu haina. Ikifungwa kemshafti ya mashindano, gari linaondoka kwa uzito, hasa likiwa na difu ndefu na toki konveta ya kiwandani.

Kuna pia suala la breki, ambalo halina mzaha. Kemshafti kali huacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, na mvuto wa hewa unaoisaidia busta ya breki hushuka. Pedali inakuwa ngumu katika gari la zaidi ya kilo 1,600. Mngurumo wa kukatakata gari likiwa limesimama, ambao vijana wanausifu, unatokana na kasoro hiyohiyo: moshi uliochomwa unachanganyika na hewa mpya.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na uzito wa gari, difu, toki konveta na kompresheni, ndipo afike kwenye kemshafti. Akisita kati ya saizi mbili, achukue ndogo. Na majarida yanayopamba kurasa zao kwa nguvu ya juu kabisa ya injini yachapishe pia toki yake kuanzia mizunguko 2,000, kwa sababu hapo ndipo gari hilo litakapoendeshwa kila siku.